Komeo Lilikuwa Ndani

Nsambya, huku chini karibu na reli

Mwanangu Hadija,

Pokea salamu nyingi za nyumbani. Natumaini ukisoma hii umeshafika Dar es Salaam, miguu imeacha kuvimba, na umepata mahali pa kulala penye mlango unaofunga vizuri. Sisi huku wazima. Bibi yako Haboba anakusalimu. Kifua kinamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anakaa kwenye mkeka wake na kugombana na kuku wa jirani kama kawaida. Baba yako mdogo Sebi anakusalimu, anasema usiolewe huko bila kumwambia, hata kama ni kwa simu. Dada yako Mariamu, bintiye, anakusalimu, na mtoto wake naye anakusalimu, ingawa salamu ya huyo ni kelele tu. Jirani yetu Mama Furaha, Mkongomani, kasema niandike hivi hivi: "Umuambie Hadija asituletee bwana, atuletee vitenge, bwana tuko nao." Na paka, kama ungependa kujua, amelala juu ya sanduku lako na hataki kushuka.

Utasema: Mama, salamu gani hizi, watu wote hawa si niliagana nao juzi tu? Kweli. Naandika hujaondoka bado. Jioni hii umekwenda Kyambogo kuaga wenzako wa chuo, na gari lenu ni kesho alfajiri. Barua nitaikunja niifiche sandukuni katikati ya shuka, uikute huko huko. Nimeanza na salamu kwa sababu nilifundishwa kwamba barua huanza hivyo, na kwa sababu mkono wangu ukianza na majina ya watu unapata nguvu. Shule yangu unaijua, ilikomea darasa la tatu. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe, ndiyo kazi unayokwenda kusomea.

Mambo ya sweta, dawa ya malaria na maji ya kuchemsha nimeshayasema kwa mdomo mpaka ukaziba masikio. Siyarudii. Nataka kujibu swali lako.

Uliniuliza wiki iliyopita, ukiwa umesimama pale kwenye sigiri ya mkaa kama mtu anayeomba nauli. Ulisema walimu wa huko unakokwenda wanakusanya hadithi za wanafunzi ziwe kitabu, wameipenda ile uliyowatumia, lakini mmoja wao amesema ni lazima umwombe mama yako ruhusa kwanza, maana mwanamke wa kwenye hadithi ni yeye. Nikakuambia nisomee kwanza. Ukasoma. Tangu siku hiyo sijakujibu, na wewe hujauliza tena. Kila ukipita jikoni unanitazama mikono.

Ulisoma pale uani. Mimi namenya ndizi za kukaangia kabalagala za kuuza kesho yake, Mariamu ananyonyesha, Haboba yuko mkekani amewaelekea kuku. Wote tunajua masikio yake yamechoka, kwa hiyo hukuwa na wasiwasi naye.

Hadithi naikumbuka yote. Mwanamke anaitwa Salma. Mumewe amekufa, naye yumo chumbani anakaa eda. Mama mkwe wake amemfungia kwa nje, ufunguo ameufunga kwenye ncha ya shuka. Ndani kuna kizimba, na kwenye kizimba kuna chiriku. Kioo kimefunikwa kanga. Ukuta unapumua. Nje ya mlango kikongwe anakohoa, na kila akikohoa funguo zinalia. Salma anajisemea peke yake, nitoke, nisitoke, na maneno hayo umeyaweka kila mahali, mtu akigeuza karatasi anayakuta tena. Mwishowe kikongwe anasinzia, Salma anamwibia ufunguo kwa chini ya mlango, anafungua kizimba, ndege anaruka, na yeye anakimbilia mvuani.

Nikakuuliza ukuta unapumuaje. Ukaniambia hiyo ni tashihisi, kitu kisicho na roho kinapewa roho. Nikasema sawa. Na kikohozi? Ukasema kinarudiwa makusudi, ni takriri, na tena ni ishara, kila kikisikika msomaji ajue kwamba Salma amebanwa. Na ndege? Ukacheka.

"Mama, ndege ni Salma mwenyewe."

"Sasa kama ndege ni Salma, Salma ni nani?"

Mariamu alicheka mpaka mtoto akaacha titi. Lakini sikuuliza kwa mzaha, mwanangu. Nilitaka kujua. Salma nilikuwa namfahamu, ndege ndiye sikumfahamu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Sikulaumu. Ulikuwa na miaka minne, na mtoto wa miaka minne anaona mlango, haoni zaidi.

Baba yako alikuwa dereva wa lori, hilo unalijua. Vita vilipofika Kampala, wanajeshi waliokuwa wakikimbia walilichukua lori na yeye ndani yake, wakamwambia endesha, twende kaskazini. Alitoka bila kula. Nilimpigia kelele pale mlangoni kwa ajili ya chakula, si kwa ajili ya vita, maana sikujua kwamba vita vimeingia ndani ya nyumba. Ikawa kimya. Njia zilikuwa zimefungwa. Zilipofunguliwa, bado kimya. Watu waliniambia madereva wengi wamekwama upande ule, wengine wameoa huko. Hilo ndilo nililolishika. Nikasema ameoa. Nikakasirika. Nikapaka hina, nikavaa gurbaba yangu nyekundu, nikaenda kwenye harusi ya binamu yake nikacheza ngoma ya doluka kuliko bibi harusi. Watu wakasema, mke wa dereva leo kafunguka. Nilitaka mtu akamwambie huko aliko.

Mwaka ulikuwa umepita na zaidi alipokuja mwenzake wa lori. Alikaa pale pale unapokaa wewe ukisoma. Akasema baba yako hakufika hata huko walikokuwa wakienda. Lori lilipigwa risasi ng'ambo ya Nile, wiki ile ile aliyoondoka, na yeye huyo mwenzake ndiye aliyemzika kando ya barabara kabla hajakimbia. Alinyamaza muda wote huo kwa sababu naye alikuwa amejificha.

Sebi akamwita shehe. Nilikuwa nimeshajitanda shuka, nimeshavua bangili, nimekaa. Shehe akauliza amekufa lini, akaambiwa. Akafikiri, akasema, "Mama Hadija, pole. Lakini eda huanza siku mume anapokufa, haianzi siku habari zinapofika. Yako ilishakwisha."

"Ilikwisha lini?"

"Zamani."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Alinitazama. Alikuwa mtu mpole. Akasema, "Ulikuwa hujui. Asiyejua hana kosa. Hudaiwi chochote, unaweza kutoka hata sasa."

Ndiyo hapo, Hadija. Nusu ya eda yangu niliimaliza sokoni, na nusu nyingine niliimalizia kwenye doluka na hina mikononi. Wanawake wenzangu wote waliofiwa walipewa chumba chao cha kukaa na kimya chao. Changu kilipita nikiwa nacheka. Niliambiwa niko huru, na uhuru huo sikuutaka.

Nikainuka, nikaingia chumbani, nikafunga. Komeo lilikuwa ndani.

Hakuna aliyenifungia. Ufunguo haukuwepo kabisa, mlango ule haujawahi kuwa na ufunguo. Sebi alikuja akasema, "Shemeji, shehe amesema huna eda, unakaa ya nani?" Mama Furaha alikuja akapiga mlango kwa kiganja: "Mama Hadija! Hata ndizi tukiifunga mu majani, siku inaiva tunafungua! Toka basi, bambi!" Sikutoka. Haboba ndiye hakusema nitoke. Alileta mkeka wake akautandika mbele ya mlango, akakaa. Yeye ndiye aliyemzaa yule niliyekuwa nikimlilia, lakini hakuna aliyemletea shehe. Siku ya kwanza aliniambia kwa upenyo wa mlango, "Binti, mimi siingii, wewe hutoki. Basi tukae hivi." Chakula alikisukuma chini ya mlango. Usiku alikohoa.

Kile kikohozi ulichokiandika, kwamba kila kikisikika Salma anajua amebanwa, mimi nilikisikia vingine. Kila kikisikika nilijua sijaachwa. Ni kikohozi kile kile. Sijui mnaiitaje hiyo, kitu kimoja kusikika hivi kwa aliye nje na vile kwa aliye ndani. Pengine huko wanalo jina lake. Ukilijua uniambie.

Ukuta haukupumua. Kioo nilikifunika kweli, hapo umepatia. Sikukifunika kwa desturi, nilikuwa sitaki kumwona yule wa gurbaba nyekundu. Lakini kuna mahali niliposikia umesoma nikaacha kisu ndani ya ndizi. Ni pale anaposema nitoke, nisitoke. Hadija, hayo sikuwahi kukusimulia. Sikumsimulia mtu. Nilikuwa nikiyasema kweli, kwa sauti, kila asubuhi, nikiwa nimeshika komeo. Nikisema nitoke, nauona mlango na wewe na kazi na watu wanaonipa pole kwa msiba wa mwaka jana. Nikisema nisitoke, namwona baba yako kando ya barabara hajaliliwa. Mkono unapanda, mkono unashuka. Na kibaya zaidi nikuambie kabisa: mle ndani sikuwa nalia siku nzima. Siku nyingine nililala tu. Nilipumzika. Nilikuwa sijapumzika tangu niolewe. Nikagundua napapenda, na nikigundua hivyo nasema basi mimi ni mtu gani, nainuka, nashika komeo tena.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakipigana. Kizimba na ndege hawakuwepo. Palikuwa na mkono mmoja tu na chuma kile.

Nilijiuliza wewe uliyatoa wapi, mpaka nikakumbuka ulikuwa wapi. Ulikuwa upande wa pili. Ulikuwa unakuja unakwaruza mlango kwa kucha, kama paka, unasema, "Mama, kuna nini humo?" Nilikusikia kila mara. Na nadhani wewe pia ulinisikia, ukasahau, na maneno yakakaa ndani yako mpaka ulipopata kalamu.

Sasa ufunguo. Ufunguo wa kwenye hadithi uliutoa wapi? Huo naujua, kwa sababu niliusikia ukitengenezwa. Siku moja ulilia sana pale mlangoni. Ulisema, "Mama hanitaki. Kajifungia hanitaki." Mtoto mdogo, lakini ulikuwa umeshaona. Mimi ndani nimeshika komeo, mkono umeganda. Nikamsikia Haboba anasema, "Nani kakuambia kajifungia? Mimi ndiye nimemfungia. Ufunguo ninao mimi. Nikichoka nitamfungulia."

"Nipe!"

"Sikupi."

"Wewe mbaya!"

"Ndiyo. Mimi mbaya. Mama yako anakutaka sana, ila mimi nimemkatalia. Haya, njoo ule."

Aliutwaa ubaya wote akaufunga kwenye ncha ya shuka yake, mwanangu, ili usinikute mimi nao.

Jinsi nilivyotoka si kwa mvua wala kwa wizi. Asubuhi moja hukukwaruza. Nikangoja. Jua likapanda, nikaliona chini ya mlango, na bado hukuja. Kikohozi nacho hakikusikika. Mkono ukapanda, na safari hiyo haukushuka. Nikafungua. Haboba alikuwa amekaa pale pale, wewe umelala mapajani mwake, mdomo wazi, naye amejizuia kukohoa asikuamshe. Akanitazama kutoka chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi mchukue huyu. Mguu wangu umekufa ganzi."

Hakuna zaidi. Baadaye Sebi aliniambia kwamba mama yake alikuwa akihesabu, na kwamba nilikaa karibu sawasawa na eda yenyewe. Mimi sikuhesabu.

Ulipoamka ukanikuta nimekubeba, ulinishika shingo, kisha ukageuka ukampiga Haboba kibao kidogo cha mkono. "Mbaya wewe." Yeye akacheka. Mimi nikanyamaza. Nilidhani nitasema ukikua kidogo. Ukakua kidogo. Ulipoanza shule nikasema bado. Ulipovunja ungo nikasema sasa, nikaona haya. Wewe ukabaki ukimsalimu Haboba kwa mbali, unamwekea chakula na kuondoka, hujawahi kulala chumbani kwake hata siku Mariamu alipojifungua na nyumba ikajaa. Kila mtu akasema Hadija ana moyo mgumu kwa bibi yake. Nami nilikuwa namenya ndizi.

Kama kuna kitu nimejifunza, ni hiki tu, na sikupi kiwe cha kufuata: kunyamaza siku ya kwanza ni rahisi, na nilikuwa nikidhani siku ya pili itakuwa rahisi vilevile kulisema na kulimaliza. Haikuwa hivyo. Kila siku mlango ulikuwa mzito zaidi kidogo.

Sasa sikia alivyosema mwenyewe. Kesho yake baada ya wewe kusoma nilikuwa namsugua mgongo. Akasema, "Binti, yule bibi wa kwenye hadithi ya mtoto."

Nikashtuka. "Haboba, ulisikia?"

"Masikio yangu yanachagua. Mkali yule bibi. Ana kikohozi kizuri, kama changu."

"Nitamwambia abadilishe. Nitamweleza yote."

"Abadilishe nini? Ukimtoa yule bibi, anabaki mwanamke na ndege. Nani atakaa kuwasikiliza?" Akacheka, kikohozi kikamshika, nikangoja. Kisha akasema, "Ila angempa jina. Kila mtu mle ana jina, hata marehemu. Yeye ni kikongwe tu."

Nilimmwagia maji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ruhusa umepata. Ichapwe. Siogopi watu wajue kwamba niliwahi kukaa chumbani, na wanaonunua kabalagala zangu hawasomi vitabu vya Dar. Ndege mwache ukimpenda, mimi sijasoma, pengine bila ndege watu hawaelewi. Ukuta nao upumue. Lakini komeo naomba uliweke ndani. Najua utaniambia kwamba hapo hadithi yote inaharibika, kwamba Salma hana tena wa kumkimbia. Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa na wa kumkimbia. Jaribu uone kama wewe unaweza kuliandika hilo, maana mimi niliyeishi nalo imenichukua miaka yote hii na bado nimeliandika vibaya.

Na bibi wa mlangoni mpe jina. Usimpe la uongo.

Nilitaka kufunga hapa. Nimeisoma tena tangu juu, nikaona kosa lake. Nimesema nitaificha sandukuni uikute huko. Halafu? Utaililia kwenye kitanda cha ugenini, utaandika majibu, barua itazunguka mpakani na kwenye posta, na kifua cha Haboba unakijua. Na kesho alfajiri, nakufahamu, utamuaga pale getini, utampungia mkono kama ulivyompungia kila ulipokwenda bweni, naye atasema, "Nenda salama, mtoto," na kukaa chini.

Basi siifichi. Naiweka kwenye sinia yako ya chai, chini ya kikombe. Utaamka kabla ya wengine, unaamkaga hivyo ukiwa na safari. Salamu za mwanzo ziache zilivyo, utazisoma tena ukifika, zitakuwa zimeshaiva.

Jibu nalitaka upesi, mwanangu, na safari hii si kwa posta. Haboba huamka kabla ya adhana. Mlango wake ni ule wa pili, ule ule wenye mkeka mbele. Tangu siku niliyotoka mimi hajawahi kuufunga. Piga hodi moja, inatosha.

Ni mimi mama yako.